Malipo ya Bima Wakati wa Uzazi: Tusisahau Kodi ya Jimbo

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na dada zetu walioko Marekani, pamoja na ninyi mlio nyumbani wenye mabinti na wakwe huko. Tutazungumza juu ya fedha ambazo kampuni ya bima humlipa mama anapojifungua au anapougua, na jinsi ya kuzieleza katika ritani ya kodi ya jimbo. Ni jambo la karatasi tu, lakini lisipoangaliwa mapema huleta barua ya deni nyumbani wakati mtoto ameshaanza kutembea.

Kwa nini bima ndiyo inayolipa

Wengi wetu tumezoea utaratibu wa nyumbani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwajiri akilipa mshahara huo, kodi hukatwa hapo hapo, na mama hana la kuhangaikia.

Marekani mambo ni tofauti. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi anayestahili wiki 12 za likizo, lakini bila malipo. Ndiyo maana waajiri wengi hujiunga na bima ya ulemavu wa muda mfupi. Neno ulemavu lisitutishe. Katika bima hiyo, mama aliyejifungua huhesabiwa kuwa hawezi kufanya kazi kwa muda: kwa kawaida wiki 6 akijifungua kwa njia ya kawaida, na wiki 8 akifanyiwa upasuaji. Sisi wauguzi tunaona kuwa wiki hizo 6 hazipishani sana na arobaini ya mama zetu.

Malipo haya huitwa malipo ya ugonjwa ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni mfanyakazi, wa pili ni mwajiri, wa tatu ni kampuni ya bima. Hayana uhusiano na bima ya gari, wala si fidia ya kuumia kazini, ambayo ina sheria zake na haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu.

Swali la kwanza: nani alilipa ada?

Si kila malipo ya namna hii hutozwa kodi. Ufunguo ni kujua nani aliyekuwa akilipa ada ya bima.

Kama mwajiri ndiye aliyelipa ada yote, malipo yote ni mapato na yanatozwa kodi. Kama mama alilipa ada yote kwa fedha iliyokwisha kukatwa kodi, malipo hayatozwi tena. Kama walichangia, sehemu inayolingana na mchango wa mwajiri ndiyo inayotozwa.

Hapa pana mtego. Mama anaweza kusema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikikatwa kila wiki mbili." Lakini kama alikatwa kabla ya kodi kuhesabiwa, sheria huichukulia ada hiyo kama imelipwa na mwajiri. Kwa hiyo, dada, tazama karatasi yako ya mshahara, au uulize ofisi ya wafanyakazi swali hili moja: ada ya bima yangu inakatwa kabla ya kodi au baada ya kodi?

Makato yanayodanganya macho

Tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mwenye mshahara wa dola 800 kwa wiki. Amejifungua kwa upasuaji. Bima inalipa asilimia 60, yaani dola 480 kwa wiki. Wiki ya kwanza ni ya kungoja, hailipwi, hivyo anapata wiki 7, jumla dola 3,360. Mwajiri ndiye aliyelipa ada yote.

Kampuni ya bima itakata asilimia 7.65 kwa ajili ya mfuko wa uzeeni na bima ya afya ya wazee, na mama atapokea kama dola 443 kwa wiki. Akiona makato hayo huamini kodi imekwisha. Sivyo! Kampuni ya bima kwa kawaida hailazimiki kukata kodi ya mapato mpaka mama mwenyewe aombe. Kama kipato cha familia kinatozwa asilimia 12 na serikali kuu, na tuseme jimbo lao linatoza asilimia 4, fedha hizo zitadaiwa dola 403 na serikali kuu na dola 134 na jimbo. Jumla ni kama dola 538, zinazodaiwa wakati familia inanunua nepi na kumlipa mlezi wa mtoto.

Jinsi ya kusoma fomu ya W-2

Kila mwaka, kufikia mwisho wa Januari, fomu ya W-2 hutolewa. Aliyelipwa na bima anaweza kupata mbili, moja ya mwajiri na moja ya kampuni ya bima. Usiitupe ile ya pili kwa kuwa jina lake ni geni. Wakati mwingine mwajiri huunganisha yote katika fomu moja. Basi usiyahesabu malipo hayo mara mbili.

Tazama kisanduku namba 13, nafasi ya tatu. Alama hapo yaonyesha kuwa kuna malipo ya ugonjwa ya mtu wa tatu. Kisanduku namba 1 kina sehemu inayotozwa kodi. Kisanduku namba 12 chenye herufi J kina sehemu isiyotozwa.

Kisha shuka chini, namba 15, 16 na 17, ambako ni mahali pa jimbo. Kama namba 17 ni tupu, hakuna kodi ya jimbo iliyokatwa. Hiyo haina maana kwamba hudaiwi. Angalia pia kama jimbo lililoandikwa ni lako, maana ofisi ya bima yaweza kuwa mbali. Kwa kawaida kodi inahusu jimbo unaloishi au ulilofanyia kazi, si jimbo la ofisi ya bima. Kosa likiwapo, omba fomu iliyosahihishwa.

Majimbo hayafanani

Texas, Florida na Tennessee hazitozi kodi ya mshahara, hivyo hakuna ritani ya jimbo ya kujaza. Majimbo mengi huanza na hesabu ya serikali kuu, kwa hiyo kilichotozwa kule hutozwa na huku. Mengine yana sheria zake. Pennsylvania haitozi malipo ya ugonjwa au ulemavu yasiyokuwa mshahara wa kawaida. California haitozi kodi ya jimbo kwa malipo yanayotoka katika mfuko wa jimbo wa bima ya ulemavu. Familia iliyohama katikati ya mwaka, kama nyingi za ndugu zetu waliofika kama wakimbizi, yaweza kuhitaji ritani za majimbo mawili.

La kufanya

1. Kabla ya likizo, jaza fomu ya W-4S uipe kampuni ya bima, ili ikate kodi ya serikali kuu. Uliza kama itakubali kukata na ya jimbo.

2. Isipokubali, mume aombe kazini kwake akatwe zaidi kwa miezi michache, au mweke akiba kila wiki. Katika mfano wetu, dola 77 kwa wiki zingetosha. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Tunza karatasi zote mahali pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Kama ulishajaza bila kutaja malipo hayo, peleka fomu ya 1040-X kwa serikali kuu, na ritani ya marekebisho kwa jimbo. Usingoje barua, kwa sababu riba inaendelea kuongezeka.

5. Tafuta wasaidizi wa kujitolea wa mpango wa VITA. Huwasaidia watu wa kipato cha kawaida bila malipo, mara nyingi katika maktaba na makanisa.

Neno kwa mke na mume

Mkijaza ritani ya pamoja, nyote wawili mnaweka sahihi, na nyote wawili mnawajibika kwa kodi yote. Si vema mke kuficha hundi ya bima, wala mume kujaza peke yake na kumletea mkewe mahali pa sahihi tu. Kaeni mezani, msome pamoja, mwombe pamoja. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kumlipa kodi anayestahili kodi. Mama anayejua hesabu yake hulipa kilicho haki, halipi zaidi, na hulala na mtoto wake kwa amani.