Msonobari ulioshinda bomu waogopa maji

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti, 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, huko Japani, msonobari mmoja ulikuwa chunguni nyuma ya ukuta wa nyumba ya Masaru Yamaki, kiasi cha kilomita 3 kutoka pale lilipopasukia. Vioo vya nyumba vilivunjika, lakini waliokuwamo waliokoka, na mti nao ukaokoka.

Miti ya namna hii huitwa bonsai. Si mbegu ya kibete. Ni miti ya kawaida ambayo hupunguzwa mizizi na matawi ili iishi katika chungu kidogo. Msonobari huo ulianza kulelewa mwaka 1625, na hata leo u hai.

Mwaka 1975 Wajapani waliwatunuku Wamarekani miti 53 ya bonsai, na Yamaki akautoa wake. Lakini miti hiyo haikufikia bustanini moja kwa moja. Ilitengwa kwanza mwaka mzima ikichunguzwa, isije ikaingiza wadudu na maradhi. Mti ulioshinda bomu ukatazamwa kama msafiri atokaye penye ndui!

Hadhari hiyo haikuwa bure. Yako maradhi ya kutu ambayo kuvu yake huhamahama baina ya miti miwili: mreteni, jamaa ya mtarakwa wetu wa bara, na mpea. Mvua za majira ya kuchipua zikinyesha, mreteni hutoa ute wa rangi ya machungwa. Vumbi la kuvu huchukuliwa na upepo, na majani ya mipea yakajaa madoa. Mwenye mreteni huenda asione hasara kubwa. Atakayelia ni jirani mwenye shamba la mapea.

Hata hivyo, aghlabu adui wa bonsai huingia kwa mkono wa mlezi mwenyewe, naye ni maji ya kupita kiasi. Udongo ukilowa daima, mizizi hukosa hewa, ikaoza na kuwa myeusi. Majani yakinyauka, mwenye mti hudhani una kiu, akauongeza maji. Hapo ndipo anapoumaliza.

Basi walezi hodari hutumia udongo wa chembechembe usiotuamisha maji, na chungu chenye matundu chini. Hugusa udongo kwa kidole kwanza. Ukiwa bado una unyevu, hawamwagilii. Majani yaliyoanguka huokotwa, kwa kuwa ndimo kuvu hujificha. Mkasi hupanguswa kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine, maana mkasi mchafu hubeba maradhi. Mti mgeni hukaa peke yake majuma kadhaa kabla ya kuchanganywa na wenziwe. Na kila baada ya miaka michache mti hutolewa chunguni, mizizi iliyooza ikakatwa, ukapewa udongo mpya.

Hayo yamfaa pia mwenye mwasumini wake wa chunguni kibarazani. Uonapo majani yamelegea, usikimbilie kopo la maji. Utazame udongo kwanza.

Msonobari wa Yamaki umepita mikononi mwa watu wengi ambao hawakupata kuonana. Kila mmoja aliupokea kama amana, akaulinda, akamwachia mwingine. Karibu miaka 400 ya kazi hiyo yaweza kupotea kwa makopo machache ya maji yasiyohitajika.