KOMPYUTA KUUKUU YAWEZA KUGEUKA KODIANI

Pengine uvunguni mwa kitanda chako, au katika stoo ya shule wanayosoma watoto wako, imo kompyuta iliyokwisha kazi. Imejaa vumbi, hakuna anayeinunua wala anayethubutu kuitupa. Leo tungependa kukuonyesha kuwa chombo hicho bado kina sauti ndani yake, na kwamba ufundi wa kuitoa sauti hiyo una mizizi hata huko Karagwe na Kyerwa.

MVUKUTO NDIO ROHO

Kodiani, ambayo wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaifahamu vyema, ina sehemu tatu: vibonye vya kuchagulia sauti, vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka, na mvukuto unaovisukumia hewa. Mvukuto ndio roho yake. Ukiuvuta kwa nguvu, sauti hupanda. Ukiuvuta taratibu, hunong'ona.

Mkoani Kagera mvukuto si mgeni. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wahunzi wa Buhaya waliyeyusha chuma, kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, katika tanuri zilizopata joto kali kwa hewa ya mivukuto. Karagwe nako uhunzi ulikuwa fahari ya ikulu ya Bweranyange, na miongoni mwa vyombo vya ufalme walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma.

FUNDI WA USWIDI

Mwaka 2022 mwanamuziki na mtaalamu wa programu wa Uswidi, Linus Åkesson, alionyesha kodiani aliyoiita Commodordion. Alichukua kompyuta mbili za Commodore 64, aina iliyotoka mwaka 1982, akaweka moja kila upande. Katikati aliunganisha kwa utepe wa gundi diski nyembamba za kale, zilizokuwa zikihifadhi kumbukumbu za kompyuta, hadi zikawa mvukuto.

Hewa ya mvukuto huo haitetemeshi chuma chochote. Hupita katika tundu dogo, maikrofoni ikasikia mvumo wake, na mvumo huo ndio unaoamua sauti ya kompyuta iwe kubwa au ndogo. Mvukuto ukisimama, muziki hunyamaza. Dosari yake ni kuwa mkono wa kushoto hubeba kazi mbili, kuvuta na kubonyeza, nao huchoka upesi.

KWA VIJANA WA KAYANGA NA NKWENDA

Kanuni hiyo haidai Commodore 64. Kompyuta ya mapajani iliyovunjika kioo mara nyingi bado ina kibodi, maikrofoni na uwezo wa kutoa sauti. Mvukuto waweza kukunjwa kwa karatasi ngumu, maungio yakazibwa kwa kitambaa na gundi. Hubaki programu fupi ya kukipa kila kibonye sauti yake na kuupima mvumo wa hewa. Mwanafunzi wa sekondari aliyejifunza kuandika programu aweza kuijaribu akisaidiwa na mwalimu. Ajue tu kuwa kibodi nyingi hukataa baadhi ya vibonye vinapobonyezwa vitatu au vinne kwa pamoja. Basi avijaribu mapema, achague vinavyopatana.

Wazazi, zingatieni usalama. Skrini za zamani zenye kioo kinene huweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Mtoto asizifungue kabisa. Betri iliyovimba isitobolewe. Wala nyaya zisichomwe ili kupata shaba, kwa maana moshi wake una sumu. Lehemu ya vifaa vya zamani nayo ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto.

Nanga ya Kagera ilichongwa katika kipande kimoja cha mti, ikafungwa uzi mmoja mrefu uliopitishwa huku na huku. Waliotutangulia hawakungoja ala za dukani. Shime basi, wazazi na walimu: kabla kompyuta mbovu haijauzwa kwa kilo, mpeni kijana bisibisi, na mtu mzima akae kando yake. Asipopata muziki, atakuwa amejua kilichomo ndani ya mashine ambayo wengi wetu tunaitumia bila kuijua. Akiupata, nyumba nzima itacheza.