Uhuru: Setilaiti iliyorushwa pwani ya Gongoni na kufumbua siri za anga

MSAFIRI anayetoka mjini Malindi kuelekea Garsen hupitia Gongoni, kituo cha biashara katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi, kinachofahamika zaidi kwa chumvi yake.

Hapo ndipo pana njia ya kuelekea Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilicho kando ya Ghuba ya Ungwana. Baharini, mkabala na kijiji hicho, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma katika miaka ya sitini.

Ni kutoka majini humo ambapo mnamo Desemba 12, 1970, roketi ilipaa ikiwa imebeba setilaiti ya uzani wa takriban kilo 140. Rasmi ilijulikana kama SAS-1, lakini ulimwengu wa sayansi unaikumbuka kwa jina la Kiswahili: Uhuru.

Neno hilo linapotajwa nchini Kenya, fikra huenda kwanza kwenye bendera, bustani na barabara kuu jijini Nairobi, au rais wa nne wa taifa hili. Miongoni mwa wanaastronomia, Uhuru ni chombo kilichobadilisha namna binadamu anavyoitazama mbingu.

Aliyeongoza utafiti huo ni Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, Italia, mwaka 1931. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Milan kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1956.

Giacconi alitaka kuiona mbingu kwa miale ya eksirei, ile ile inayotumiwa hospitalini kupiga picha za mifupa. Tatizo ni kwamba angahewa ya dunia huizuia miale inayotoka angani, na kwa hivyo darubini iliyo ardhini haiwezi kuinasa hata ikiwa kubwa kiasi gani.

Mnamo Juni 1962, Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka jimbo la New Mexico. Kwa dakika chache tu ilipokuwa juu ya angahewa, ilinasa miale mikali kutoka upande wa kundi la nyota la Nge. Huo ulikuwa ugunduzi wa kwanza wa chanzo cha eksirei nje ya mfumo wa jua.

Hata hivyo, dakika chache hazikutosha. Kilichohitajika ni chombo cha kuizunguka dunia na kuipekua mbingu yote usiku na mchana.

Swali likawa kirushiwe wapi. Jibu lilipatikana katika pwani ya Kenya, ambako Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuwa ameanzisha kituo cha San Marco. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo Aprili 26, 1967.

Ngomeni iko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Katika ikweta, mzunguko wa dunia husukuma kila kitu kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea upande huo hufaidika na msukumo huo bila kuchoma fueli zaidi. Aidha, mashariki mwa Ngomeni ni bahari tupu, na vipande vya roketi vinavyoanguka havitishii makazi ya watu.

Sababu nyingine iliwahusu wanaastronomia wenyewe. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, kwa kimo kisicho kikubwa, hukwepa sehemu kubwa ya mikanda ya mnururisho inayoizingira dunia, ambayo ingevuruga vipimo vyake.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na wataalamu wa nchi nyingine. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo katika shirika la NASA, ndiye aliyependekeza jina hilo kwa kutambua ukarimu wa Wakenya.

Chombo hicho kilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nacho ina vyanzo 339 vya eksirei.

Kilibaini kwamba vingi kati ya hivyo ni nyota pacha. Moja huwa nyota ya kawaida, na mwenzake ni mabaki mazito ya nyota iliyokwisha kufa. Mabaki hayo huivuta gesi ya mwenzake, na gesi hiyo inapoporomoka hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei.

Kimojawapo, Cygnus X-1, kilimetameta kwa kasi ya ajabu, ishara kwamba ni kitu kidogo mno kwa umbo. Kufikia mwaka 1972, watafiti waliotumia darubini za ardhini walikuwa wameonyesha kuwa uzito wake unazidi ule wa nyota yoyote mfu iliyojulikana. Cygnus X-1 ikawa ya kwanza kutambuliwa kama shimo jeusi, mahali ambapo nguvu za uvutano haziruhusu hata mwanga kutoka.

Mwanasayansi maarufu Stephen Hawking aliweka dau mwaka 1974 na mwenzake Kip Thorne kwamba hilo halikuwa shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali ameshindwa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 vilionyesha lina uzito wa takriban majua 21.

Giacconi aliendelea kuwa mkuu wa kwanza wa taasisi inayoendesha kazi za darubini ya Hubble, ambako alisisitiza takwimu zihifadhiwe ili zitumiwe pia na watafiti wengine. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 na kuaga dunia Desemba 2018.

Katika pwani ya Gongoni, setilaiti tisa zilirushwa kwa jumla, ya mwisho ikiwa Machi 25, 1988. Kituo hicho, ambacho baadaye kilipewa jina la Broglio, kilibaki na kazi ya kufuatilia setilaiti zilizorushwa kwingineko.

Kenya yenyewe ilipopata setilaiti zake, hazikupaa kutoka Ngomeni. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa mwaka 2018 kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, nayo Taifa-1 ikarushwa California Aprili 15, 2023. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia, uliotiwa saini mwaka 2016, unagusia pia mafunzo kwa Wakenya.

Hapo ndipo penye deni. Ardhi, bahari na hata lugha ya pwani hii vilichangia kuzaliwa kwa tawi zima la sayansi, ilhali mtoto wa Gongoni hahitaji roketi ili kupata sehemu yake. Picha za mashimo meusi ziko wazi katika intaneti, na usiku usio na mawingu kundi la Nge huonekana kwa macho matupu juu ya mabwawa ya chumvi.

Anachohitaji ni mwalimu wa kumwonyesha, na kumwambia kwamba miongoni mwa macho ya kwanza yaliyoutazama upande ule kwa eksirei, moja liliondoka hapa kwao, likiwa na jina la Kiswahili.