Aliyezubaa na Aliyezugwa

Kwenye mzunguko wa Impala, pale Kijenge, Arusha, kifodi, yaani daladala ndogo, kikijaza kupita kiasi konda hana haja ya hotuba. Akimwona trafiki mbele hutamka neno moja tu, "Chuchumaa!", na abiria waliosimama hukunja magoti mpaka vichwa vinashuka chini ya madirisha. Ukiwauliza wamefanya nini, watakwambia wamezuga. Kijana wa Kitanzania aliyekulia Minneapolis au Reading, akisimulia kisa hichohicho kwenye simu na binamu zake, atasema konda "ana-divert attention ya polisi". Ataeleweka. Lakini binamu wa Kijenge atakuwa amesikia sentensi iliyopoa, kwa sababu neno la Kiingereza halisemi nani mjanja wala nani kaliwa.

Divert ni kitenzi chenye asili ya Kilatini, kilichofika Uingereza kwa njia ya Kifaransa, na ndani yake mna wazo la kugeuza kitu upande. Ndiyo maana kinabeba mizigo mingi: maji, magari, ndege, fedha za umma, mawazo ya mtu, hata burudani. Jamaa yake, distract, nacho ni cha Kilatini, ila chenyewe kinatokana na kuvuta kitu huku na huku. Kiswahili hakikuuweka mzigo huo wote kwenye bega moja.

Vitu vinavyoshikika vinachepushwa. Mkulima wa mteremko wa Meru anayefungua mfereji kutoka mtoni anachepusha maji, na kesi za maji bondeni husikilizwa kwa kitenzi hichohicho. Barabara ya kilomita 42.4 inayolizunguka Jiji la Arusha kwa kusini, ambayo viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliizindua Julai 2022, huitwa barabara ya mchepuo au ya mchepuko, inategemea unasoma gazeti gani. Shuleni mchepuo ni mkondo wa masomo, kama mchepuo wa sayansi. Mchepuko nao, kila mtu mzima anajua, ni mpenzi wa pembeni. Kaulimbiu ya kuwataka watu wabaki njia kuu haikuwa ikizungumzia malori.

Ndege ni habari nyingine. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) iliishia kutua Kisongo, kwenye uwanja mdogo wa Arusha, wenye barabara ya kurukia ya mita 1,600 na ushei. Kule KIA njia ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyopata hitilafu. Dude hilo lilisimama majanini, na wakazi wa jiji wakaenda kulitazama. Kiingereza kingesema ndege ilikuwa diverted, basi. Mitaani hakuna aliyesema imechepushwa. Walisema imepotea njia, imekosea uwanja, imetua Kisongo bwana! Kuchepusha kunataka mtu aliyekusudia, na hapo watu hawakuwa na uhakika kama yupo.

Hicho ndicho kipimo ambacho Kiswahili hukirudia zaidi kinapofika kwenye akili ya mtu: je, kuna aliyekusudia? Kuzubaa hakuhitaji mtu wa pili. Mama anayeibiwa simu Soko la Kilombero huku akitazama mitumba ataambiwa, bila huruma nyingi, "Ulizubaa." Kosa lake. Ila kama kijana mmoja alimwangushia sarafu miguuni ili mwenzake atie mkono mkobani, hapo kazugwa, na lawama inahama. Polisi akisikiliza vizuri kitenzi alichochagua mlalamikaji anaweza kukisia kama anatafuta mwizi mmoja au wawili. Katikati ya kuzubaa na kuzugwa kuna kuzubaisha, pale ambapo kitu, tuseme televisheni ya baa wakati wa mechi ya Simba na Yanga, kinamfanya mtu azubae bila kuwa na nia yoyote.

Kuzuga si kubaya kila mara. Nesi anayemwambia baba "mzuge huyo mtoto nimchome sindano" hafundishi utapeli. Na mtu anaweza kuzuga peke yake: anayefungua faili kila bosi anapopita anazuga tu.

Wazee wangetumia kupumbaza kwa mtoto yule wa sindano. Katika matumizi ya zamani, kumpumbaza mtoto kulikuwa kumliwaza kwa mchezo asilie, na mtu mzima alijipumbaza kwa maongezi kupoteza muda. Leo neno limechacha. Likitokea kwenye kichwa cha habari, ujue kuna wananchi wanaopumbazwa na mwanasiasa, na hakuna anayeliwazwa. Watoto wa ughaibuni wanalijua bila kujua kwamba wanalijua: ngiri wa filamu ya Disney ya 1994, The Lion King, anaitwa Pumbaa, na kazi yake ni kumsahaulisha Simba msiba wa baba yake. Kisha, karibu na mwisho, yeye na Timon wanawachezea ngoma fisi ili Simba apite. Hapo Pumbaa hapumbai wala hapumbazi. Anazuga, tena kwa ustadi wa Kijenge.

Kukengeusha kunakaa mbali na soko. Ni neno la mimbari na la walimu wakuu: linadhani ipo njia iliyonyooka, na mtu ametolewa humo. Simu inayomkengeusha mwanafunzi haimcheleweshei kazi ya nyumbani tu. Inatia doa mwenendo wake. Kulitumia kwa konda wa kifodi kungechekesha.

Bungeni Dodoma mchezo huu una kanuni zake. Mbunge anapokaribia hoja yake nzito, mwenzake wa upande wa pili husimama na kuomba kutoa taarifa, au kuomba mwongozo wa Spika, na dakika zinayoyoma. Wasikilizaji husema "wamemtoa kwenye reli". Usemi huo umeenea hadi Arusha, jiji lililokaa miaka takriban 30 bila treni mpaka ilipofika tena Oktoba 2020, kwa hiyo kwa kizazi kizima watu walitolewa kwenye reli ambayo hawajawahi kuiona ikitumika.

Waziri anayejibu swali ambalo hakuulizwa anababaisha. Mdaiwa anayeanza kukueleza ugonjwa wa shangazi yake ukitaja deni anakuyeyusha. Mradi uliopakwa rangi siku ya ziara ya kiongozi, huku mabomba hayana maji, ni changa la macho. Kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya kisima zikanunua gari, ripoti za ukaguzi hutumia lugha ya ofisini, kwamba zilielekezwa kwenye matumizi mengine. Kijenge wangesema zimepigwa.

Kwa mzazi wa Reading anayetafuta neno la kumpa mtoto wake badala ya divert, "kuhamisha mawazo" halitamkosesha mtihani wowote. Ila binamu akipiga simu kusimulia jinsi alivyopoteza pochi stendi, swali la kumuuliza ni moja: ulizubaa, au walikuzuga?