Runinga Kubwa kwa Bei ya Punguzo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Kila ifikapo mwisho wa mwaka, na pia wakati wa Maonesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam, wauzaji wa vifaa vya umeme hutundika mabango ya punguzo, na bidhaa inayowekwa mbele mara nyingi huwa ni runinga kubwa ya inchi 55, 65 au zaidi. Kwa familia nyingi huu ni ununuzi unaofanywa mara moja katika miaka kadhaa, kwa fedha za akiba ya miezi mingi au za mchezo wa upatu. Kosa linalofanyika dukani halirekebishiki kwa urahisi. Katika sura hii tunaeleza namna ya kutambua punguzo la kweli, kile kinachopunguzwa ndani ya runinga ya bei nafuu, na haki ambazo mnunuzi hubaki nazo hata akinunua kwa ofa.

Bei iliyokatwa si kipimo

Bango la punguzo huonesha bei mbili: iliyokatwa kwa mstari na mpya. Bei ya kwanza haina maana ikiwa runinga hiyo haikuwahi kuuzwa kwa kiasi hicho. Tuchukue mfano. Duka limekata shilingi 1,200,000 na kuandika 850,000. Mnunuzi anaamini ameokoa shilingi 350,000. Lakini ikiwa duka la mtaa wa pili linauza runinga ya toleo hilo hilo kwa shilingi 880,000 bila ofa yoyote, alichookoa ni shilingi 30,000 tu.

Kwa hiyo tunashauri uandike namba ya toleo iliyo kwenye boksi au mgongoni mwa runinga, kisha uulize bei yake katika maduka yasiyopungua matatu. Jina la kampuni na ukubwa wa kioo havitoshi, kwa kuwa kampuni moja huweza kutengeneza runinga kadhaa za inchi 55 zinazotofautiana sana kwa ubora. Jumlisha pia gharama ambazo bango halizitaji: usafiri, chuma cha kuitundikia ukutani, ufundi, na kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka.

Unafuu umetoka wapi

Ili kushusha bei ya runinga kubwa, mtengenezaji hupunguza gharama mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki upesi: taa za LED zilizo nyuma ya kioo, spika, kumbukumbu ya ndani na ubora wa kioo chenyewe. Kufanya hivyo si udanganyifu, mradi mnunuzi ameelezwa ukweli. Mambo manne yanastahili kuulizwa.

Kwanza, ukubwa. Inchi hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala. Kioo cha inchi 55 kina mshazari wa sentimita 140 na upana wa takriban sentimita 122. Pima ukuta au meza yako kabla ya kwenda dukani. Umbali wa kukaa unaofaa ni kama mara moja na nusu ya mshazari. Kwa inchi 55 ni mita mbili na kidogo.

Pili, nukta za picha. Kioo cha HD Kamili kina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani milioni mbili hivi. Cha 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane. Muuzaji akisema runinga “inapokea 4K”, huenda ana maana kwamba inaweza kuisoma picha hiyo, ilhali kioo chake kina nukta chache zaidi. Uliza idadi ya nukta za kioo chenyewe, na jibu liandikwe.

Tatu, programu. Baadhi ya runinga janja za bei nafuu hutumia mfumo wa Android usioidhinishwa kwa ajili ya runinga, hivyo baadhi ya programu za filamu hukataa kufunguka au huonesha picha hafifu. Omba kufunguliwa programu unazozitumia, papo hapo dukani. Ikiwa nyumbani mnatazama kwa king'amuzi pekee, huenda huna sababu ya kulipia sifa hizo.

Nne, umeme. Soma wati zilizoandikwa mgongoni. Runinga ya wati 120 ikiwaka saa tano kwa siku hutumia uniti 0.6, sawa na uniti 18 kwa mwezi wa siku 30. Kwa mteja wa daraja la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu robo ya uniti zake zote. Hakikisha pia kuwa runinga imetengenezwa kwa umeme wa volti 220 hadi 240.

Ijaribu kabla ya kuondoka

Usikubali kupewa boksi lililofungwa kwa maelezo kwamba ndani kuna runinga “kama ile iliyopo ukutani”. Ifunguliwe, iwashwe, na uitazame kwa muda usiopungua dakika kumi. Oneshwa picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, uone kama kuna mistari, madoa au pembe zilizofifia. Jaribu sauti, rimoti na matundu yote ya nyaya. Linganisha namba ya utambulisho iliyo mgongoni na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, huenda boksi si lake au runinga imekwishatumika. Wakati wa kuisafirisha, isimamishwe wima, isilazwe wala kubebwa kwa bodaboda. Kioo kikipasuka, gharama ya kukibadilisha mara nyingi hukaribia bei ya runinga mpya, na kwa kawaida dhamana haihusishi mpasuko.

Risiti, dhamana na haki zako

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya EFD yenye kiasi halisi ulicholipa. Kuitoa ni wajibu wa muuzaji na kuidai ni wajibu wako. Hakikisha namba ya toleo na namba ya utambulisho zimeandikwa kwenye risiti au kwenye kadi ya dhamana. Kuhusu dhamana, uliza mambo matatu: ni ya muda gani, inahusu vipuri na ufundi au kimojawapo, na ni nani atakayeitekeleza. Dhamana isiyo na mahali pa matengenezo hapa nchini ina thamani ndogo.

Maduka mengi huandika kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Maneno hayo hayampi muuzaji ruhusa ya kukukabidhi kitu kisicholingana na maelezo aliyoyatoa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa maelezo ya uongo, na bei ya ofa haiondoi katazo hilo. Hata hivyo, kubadili mawazo baada ya kununua kitu kizima ni jambo jingine. Hapo hutegemea hiari ya muuzaji.

Ukigundua kasoro, acha kuitumia runinga, piga picha za kasoro hiyo, na urudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti, boksi na malalamiko yaliyoandikwa. Baki na nakala yenye tarehe. Asipokusikiliza, peleka malalamiko hayo Tume ya Ushindani (FCC). Na ikiwa unahofia kuwa kifaa hakikidhi viwango vya usalama, toa taarifa pia kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).