Dawa ya Pumu Isifungiwe Kabatini

Katika shule za bweni ni desturi ya kawaida kwamba mtoto aletapo dawa kutoka kwao huikabidhi kwa mlezi wa bweni, naye huitia kabatini na kufunga kwa ufunguo. Desturi hiyo ni njema kwa vidonge, ambavyo watoto waweza kugawiana ovyo. Lakini kwa mtoto mwenye pumu yaweza kuleta mauti.

Sababu ni hii. Pumu inapomshika mtu, misuli inayozunguka njia za pumzi hukaza, nazo njia huvimba kwa ndani, hata hewa ikapita kwa shida. Dawa ya kuvuta iitwayo salbutamoli, ambayo kikopo chake mara nyingi huwa cha rangi ya buluu, huilegeza misuli hiyo kwa dakika chache. Mtoto aliyeshikwa usiku wa manane hawezi kungoja mlezi aamshwe, kisha ufunguo utafutwe. Yafaa basi mtoto mwenye umri wa kutosha akae na kikopo chake mwenyewe, mchana mfukoni, usiku kando ya mto. Cha mtoto mdogo kiwekwe mahali pasipofungwa, panapojulikana na walimu wote, wala si mmoja tu, maana huyo mmoja aweza kuwa safarini siku ile ile.

Huko Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2014, shule zimeruhusiwa kununua salbutamoli ya akiba bila cheti cha daktari, kwa ajili ya watoto wenye pumu ambao vikopo vyao vimepotea au vimekwisha.

Mtoto akishikwa, aketishwe wima, asilazwe. Kikopo kitikiswe, avute mara moja, apumzike nusu dakika au dakika nzima, kisha avute tena, hata zitimie mara kumi. Asiyeweza kuvuta vyema hutumia chupa safi ya plastiki ya nusu lita: kikopo huingizwa katika tundu lililokatwa kitakoni, naye hupumua kwa mdomo wa chupa. Asipopata nafuu, au akishindwa kusema, au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali mara moja, na dawa iendelee njiani.

Wazazi nao wasidanganyike na sauti ya kikopo. Kwa kawaida kimoja hutoa mivuto 200. Baada ya hapo huendelea kufuka kama kwamba kimejaa, na ndani hamna dawa.