Neno «Mupe»: linatoka wapi, linatuomba nini?

Pale Musonoi mtoto akimwona padri anapita njiani, anaita: «Mupe!» Neno hilo twalisema kila siku bila kulifikiri. Basi tuulize: maana yake nini?

Mzizi wake ni neno la Kilatini pater, ndiyo kusema baba. Neno hilo limezaa watoto wengi. Kwa Waitalia na Waispania, padre ni baba mzazi, na ni padri vilevile. Wareno wametenga: baba wa nyumbani wanamwita pai, na jina la padre wamemwekea mwenye daraja takatifu. Wao walifika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1498, na kutoka kwao Kiswahili kilipata neno «padri». Ndiyo sababu kwetu hakuna mtoto anayemwita mzazi wake padri. Wafaransa husema père kwa wote wawili. Lakini prêtre ni neno la ukoo mwingine: linatoka Kigriki presbyteros, maana yake mzee.

Wakristu wa Kifaransa wakimwita padri, husema mon père, yaani «baba yangu». Masikio yetu yalishika maneno mawili kama moja: mupe, na wakiwa wengi, bamupe. Mbali sana, katika Haiti, jambo lilikuwa lile lile: kwa Kikreoli chao padri ni monpè. Hata sisi twasema «mupe wetu», kwa sababu lile «yangu» limejificha, halisikiki tena.

Hapo ndipo hatari. Jina la upendo laweza kugeuka jina la ukubwa tu, na Yezu alitukanya juu ya hayo katika Matayo sura ya 23.

Padri Placide Tempels, Mfransisko, alifanya kazi Kolwezi na Musonoi tangu 1953 hata 1962. Katika Jamaa iliyozaliwa huko, watu wa ndoa waliitana baba na mama, na padri naye alikuwa baba kati yao, si bwana juu yao. Neno lilirudi nyumbani kwake.

Seminarista, siku utakapoitwa mupe, usisikie cheo. Sikia mtu anayekuambia: baba yangu. Na baba anajua ni nyumba gani watoto wamelala njaa.